Nilivyokagua Filamu, na Daraja Lililoanguka Malakisi

Nyinyi vijana wa ofisini mmeniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijaanza kuisahau. Nimestaafu juzi tu. Saa ya ukutani mliyonipa bado imo ndani ya karatasi yake kwa sababu mume wangu anatafuta msumari. Habari za kupandishwa cheo hamtazisoma hapa, maana nilipandishwa mara moja tu na barua yenyewe ikaja na jina la mtu mwingine. Nitawaeleza niliyoyaona katika vibanda vya video vya Kitale na Bungoma miaka ile ya elfu mbili, wakati kijiji kizima kilikuwa kikitazama filamu kwa runinga moja.

Tena nitajaribu kujibu lalamiko lenu la kila siku. Mnauliza kwa nini fomu yetu ina mistari kumi na miwili ya kuandika kisa na ujumbe wa kisiasa, halafu mistari miwili tu ya picha na sauti, na hali watu wenyewe wanakuja kwa sababu ya ile miwili. Jibu ni kwamba fomu iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye benchi. Lakini hilo nililijua polepole.

Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali Kitale. Maishani nilikuwa nimeona filamu tatu, mbili kati yake zikiwa za kufundisha watu kunawa mikono. Siku moja mkubwa wangu akaniita, akaniambia nafasi ya mkaguzi wa filamu imepatikana na wameamua kuipa mwanamke. Nikafurahi kwamba dunia inabadilika. Baadaye nikaambiwa sababu: mkaguzi aliyetangulia alikuwa akienda kukagua filamu ya kwanza na kurudi baada ya filamu ya nne.

Nilikabidhiwa kwa Bwana Gathogo anifundishe. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa hapo hapo Trans-Nzoia, wazazi wake walikuja kulima kutoka mkoa wa Kati. Asubuhi alikuwa mkulima wa mahindi na mchana mkaguzi, na viatu vyake havikuwahi kukubali kutofautisha. Akanipa tochi, muhuri, fomu za nakala tatu na karatasi zake za kaboni, na mto wa kukalia ambao mke wake alikuwa ameushona kwa vitambaa vya pazia.

"Muhuri ukipotea utapewa ingine," aliniambia. "Mto ukipotea, hiyo ni shida yako na benchi."

Kibanda cha kwanza kilikuwa nyuma ya soko la Kitale. Mlango ulikuwa blanketi, madirisha yalikuwa magunia, na runinga ilifungiwa ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli kama mfungwa hatari. Nilipoingia na mkoba wangu, vijana watatu waliruka dirishani. Walidhani mimi ni mama wa mmoja wao.

Nikaketi juu ya mto wangu, nikatoa kalamu, nikaanza kuandika kisa. Nilitaka kufanya kazi vizuri. Nani ni nani, nani amemwibia nani, kwa nini yule mwenye ndevu anamchukia yule asiye nazo. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimejaza ukurasa mzima. Nikamgeukia Bwana Gathogo kumwuliza jina la mpelelezi. Alikuwa amelala, kidevu kifuani, akikoroma kwa adabu.

Halafu nikaona ajabu. Ghafla, kabla ya kelele yoyote, akafumbua macho na kuinua kichwa, kama mama anayemsikia mtoto kabla hajaanza kulia. Gari likaruka kutoka paa la ghorofa moja hadi lingine, likapasua kioo, likawaka moto. Watu wakapiga ukemi. Bwana Gathogo akatikisa kichwa kuridhika, akaniangalia.

"Madam, unaandika nini?"

"Kisa."

"Kisa gani? Hebu weka kalamu chini. Na usiangalie TV. Angalia visogo."

Sikuelewa. Akanielekeza kwa kidole mbele yetu, kwenye safu za vichwa kwa nyuma. Watu kwenye skrini walikuwa wameanza kuzungumza tena. Visogo vikalegea. Kimoja kikageuka kununua njugu, kingine kikainama kufunga kamba ya kiatu, viwili vikaanza kuulizana kuhusu ng'ombe aliyepotea. Kisha helikopta ikatokea, na vyote vikasimama wima kama mahindi baada ya mvua.

"Ofisi inataka kujua filamu inawafanyia watu nini," alisema Bwana Gathogo. "Sasa si majibu ndio hiyo? TV haiwezi kukwambia. Shingo ya mtu haidanganyi."

Nilifanya kazi hii miaka mingi na sikupata mafunzo mengine bora kuliko hayo.

Kesi yangu ya kwanza ngumu niliipata Kiminini, tena peke yangu, kwa sababu siku hiyo Bwana Gathogo alikuwa anapalilia. Wengine wenu hamkuwahi kuona sidii za wakati ule, zile sahani nyembamba za filamu. Filamu moja ilikuwa inakuja kwa sidii mbili, ya kwanza na ya pili. Mwenye kibanda, kwa haraka zake, akaanza na ya pili. Filamu ikafunguka katikati ya vita, shujaa akapigwa risasi, akazikwa, mwanamke akalia kaburini, majina yakapanda. Halafu akaweka ya kwanza. Shujaa akaamka kitandani mzima kabisa, akapiga mswaki, akaenda kuoa.

Mimi niliyekuwa nikiandika kisa nilijua kuna jambo si sawa, lakini nikadhani ndiyo mitindo ya huko kwao. Nikaangalia visogo. Hakuna hata kimoja kilichoshtuka. Watu walitoka nje wameridhika sana, na nikamsimamisha mzee mmoja aliyekuwa akivaa kofia yake mlangoni.

"Mzee, umeonaje filamu?"

"Moto sana."

"Na yule jamaa aliyekufa, mbona amerudi akaoa?"

Akafikiri. "Si mtu akifufuka anaoa? Angengoja nini?"

Nikaandika ripoti kama nilivyoona, nikapiga muhuri, nikatuma. Barua ikarudi kutoka makao makuu ikisema: "Mkaguzi aeleze ni kwa vipi mhusika aliyezikwa ukurasa wa kwanza anafunga ndoa ukurasa wa pili." Nilijibu kwamba watazamaji hawakulalamika. Faili ikafungwa.

Sasa linganisheni na jambo lililotokea kibanda hicho hicho majuma machache baadaye. Runinga ilipoteza rangi. Filamu iliendelea mwanzo hadi mwisho, sidii kwa mpangilio wake, kila neno mahali pake, ila ilikuwa nyeusi na nyeupe. Watu walitaka kubomoa kibanda. Mwenye kibanda alijifungia katika choo cha jirani hadi mwalimu mkuu wa shule ya karibu alipokuja kuwatuliza. Nilisimama pale na muhuri wangu nikiwaza: siku ile mliuziwa mtu aliyezikwa kabla ya kuoa na mkashukuru, leo mmenyimwa rangi ya moto tu mnataka damu.

Nilimwuliza Bwana Gathogo sababu. Alikuwa anachoma mahindi nyuma ya ofisi, akanimegea nusu.

"Kwanza, hiyo Kiingereza yao ni ya puani," alisema. "Mimi nimesoma na siishiki. Pili, jenereta iko hapo nje inapiga kelele. Lakini hata ungewaletea ya Kiswahili, Madam, shida za kuongea mtu anazo nyumbani. Bibi anaongea, chifu anaongea, mhubiri anaongea. Sasa mtu atoke kwake aende kuongeleshwa tena? Gari ya kuruka juu ya nyumba ndio hana. Hiyo anaenda kuona."

Nimesoma vitabu viwili vitatu kuhusu sinema tangu siku hiyo, na waandishi wao walihitaji kurasa nyingi zaidi.

Bwana Gathogo alistaafu, akarudi kwa mahindi yake muda wote, na mimi nikahamishiwa Bungoma. Hapo pikipiki ya ofisi ilikuwa moja na haikuwa inawaka, kwa hiyo nilikagua vibanda nikiwa nimebebwa nyuma ya baiskeli, mto wangu ukiwa chini yangu. Ndivyo nilivyofika Malakisi mara ya kwanza, na ndivyo nilivyomjua Mama Lydia.

Malakisi ni mji wa tumbaku. Mama Lydia alikuwa ameirithi kutoka kwa mkwe wake nyumba ya kukaushia majani, ndefu, ya matofali, isiyo na dirisha hata moja. Mkulima yeyote angeona ghala. Yeye aliona sinema. Aliweka mabenchi, jenereta, na runinga kubwa kuliko zote upande ule, na kibanda hicho ndicho kilichokuwa kinasomesha binti zake wawili. Harufu ya tumbaku haikutoka kamwe. Kila filamu pale ilianza na watu kupiga chafya kwa muda, na wageni walidhani ni maombi.

Lakini jambo la ajabu kwa Mama Lydia halikuwa jengo. Katika miaka yangu yote ya kazi, yeye ndiye mtu pekee niliyemwona akifuata kisa. Kila filamu aliitazama peke yake kwanza, mlango umefungwa, daftari la shule mapajani, akisimamisha na kuandika majina ya watu na nani amemkosea nani. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na Kiingereza cha puani alikisikia. Filamu mbaya ilimkasirisha kama jirani mwongo.

"Huyu mwandishi ametudanganya," angeniambia. "Bibi yake alikuwa na mimba mwanzo. Hiyo mimba ilienda wapi?"

Ikaja ile filamu. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na wakubwa wote walikuwa na wasiwasi wa kawaida wa majira hayo. Ilikuwa ya nchi ya kubuni ambayo rais wake ameiba kura na kukataa kutoka ikulu. Mwalimu mmoja anawaongoza raia. Kuna hotuba nne ndefu, kuna kesi mahakamani, kuna gazeti linafungwa. Halafu karibu na mwisho rais anatoroka na msafara wake juu ya daraja refu linaloning'inia kwa nyaya za chuma, na daraja linalipuliwa.

Mama Lydia aliiona mara tatu kabla ya kuionyesha kwa umma, kisha akapanda baiskeli hadi Bungoma kuja kuniambia.

"Madam, hii firamu ni sisi kabisa."

"Funga mlango," nikamwambia.

"Si unasikia vile mwalimu anasema? Ati nchi si shamba ya mtu mmoja! Watu wakisikia hiyo, wataamka."

"Mama Lydia, tafadhali. Usiseme neno kuamka ndani ya ofisi ya serikali."

Hakunisikia, au alinisikia akapuuza. Alirudi Malakisi akatangaza filamu kwa kipaza sauti sokoni, akisema ni filamu ya ukweli. Siku ya tatu barua ikafika mezani kwangu kutoka kwa DO, afisa wa tarafa. Filamu ni ya uchochezi. Kibanda kifungwe, na mkaguzi aeleze kwa nini aliiruhusu.

Sikupenda sehemu ile ya mwisho. Niliandika majibu mara mbili nikayachana, kisha nikaenda kumwona mwenyewe. DO alikuwa kijana nadhifu aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Nikamweleza niliyofundishwa: watu hawatausikia ujumbe huo hata akiusoma yeye mwenyewe kwa kipaza sauti. Watakachoona ni daraja.

"Filamu inaonyesha raia wakimpindua rais," alisema, "na wewe unaniambia wataona daraja?"

"Ndiyo, bwana."

"Una uhakika gani?"

"Njoo utazame nao. Kama watamwona rais, funga kibanda na mimi nitaandika barua ya kukubali makosa."

Akakubali. Tukapanga siku ya soko, saa nane mchana. Nilitangulia kumwandaa Mama Lydia, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

"Ukiulizwa," nikamwambia, "sema ni filamu ya magari."

"Lakini si ya magari."

"Najua. Sema ni ya magari."

"Madam, mimi nimeokoka."

"Basi usiseme kitu. Simama hapo nyuma unyamaze."

Akaniangalia kwa uchungu. "Kwa hivyo ndio kibanda yangu ipone, lazima ionekane watu yangu ni wajinga?"

Kusema kweli silo jambo nililokuwa nimelifikiria. Nikarekebisha mto wangu, nikaketi.

DO alifika na askari mmoja wa utawala. Alitolewa kiti cha kanisa akakalia mbele kabisa, mgongo umenyooka. Askari akasimama mlangoni na bunduki. Watu walijaa, wakapiga chafya zao, filamu ikaanza.

Sikuiangalia hata kidogo. Niliangalia visogo, na jasho lilinitoka kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto wake. Rais akaiba kura. Njugu zikanunuliwa. Mahakama ikakaa. Mtu mmoja akaanza kumweleza mwenzake jinsi fuko anavyotegwa. Mwalimu akasimama juu ya meza akaanza hotuba kubwa, na hapo Mama Lydia, aliyekuwa ameahidi kunyamaza, akashindwa. Akasogea hadi karibu na runinga, macho yamejaa machozi.

"Nyinyi! Sikilizeni! Hapa ndio anasema ukweri!"

"Mama, toka mbere ya TV bana!" sauti ikajibu kutoka gizani, na nyumba nzima ikamuunga mkono.

Nilimtazama DO. Kisogo chake kilikuwa kimegeuka. Alikuwa ananunua yai la kuchemsha.

Kisha daraja. Sitalielezea, maana siwezi, na ndiyo maana yenyewe ya haya ninayoandika. Nyaya zilikatika moja moja. Barabara ikajikunja kama mkeka. Magari yakaning'inia, likaanguka moja, likaanguka la pili, maji yakaruka hadi mtu akataka kujipangusa. Nilisikia jenereta nje na kuku wa jirani. Hata Mama Lydia alinyamaza, na mimi niliyeapa kutoangalia nikajikuta nimesimama. Askari alikuwa ameketi kwenye benchi, bunduki kati ya magoti, mdomo wazi.

Daraja lilipomalizika kuanguka, sauti moja ikapaa kutoka mbele.

"Rudisha hapo! Rudisha nyuma kidogo!"

Ilikuwa ya DO. Akageuka, akatuona, akakohoa. "Kwa sababu za uchunguzi," alisema.

Tukachunguza mara nne.

Filamu ilipokwisha, DO akasimama mbele ya watu, akafunga kifungo cha koti, akauliza filamu ile ilikuwa inahusu nini. Watu wakatazamana. Swali lilionekana kama mtego, na katika kazi yangu nimegundua kwamba kwa kawaida huwa hivyo.

"Inahusu daraja, sir," kijana mmoja akasema.

"Na watu waliokuwa ndani yake?"

Mama muuza njugu akainua mkono. "Kuna mzee mmoja mnene mwenye haraka."

"Ndiyo. Huyo mzee ni nani?"

Mama akafikiri sana, mimi nikashika muhuri kwa mikono miwili. "Naona ni kontrakta," akasema. "Ndio maana imemwangukia. Alijenga vibaya."

Watu wakakubali kwa vichwa. Ilikuwa haki. DO akaniangalia, na usoni mwake nikaona tumeshinda. Nyuma ya runinga, Mama Lydia alikuwa amefunika uso kwa leso.

Ningependa kuwaambia kwamba yaliishia hapo. Lakini mzee mmoja, Mzee Barasa, mkulima wa tumbaku, alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Bwana DO, niko na swali. Hiyo daraja wamevunja, ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, mzee."

"Na wamevunja tu? Ya kuchezea?"

"Ni filamu, mzee."

"Sawa. Sasa wale wako na daraja ya kuvunja. Sisi hapa hatuna hata ya kuvuka."

Nyumba ikalipuka. Kati ya soko na mashamba kulikuwa na kijito, na juu yake magogo mawili ya mkaratusi, ndilo daraja. Mvua ikinyesha tumbaku haivuki, wagonjwa hawavuki, ng'ombe wa mtu fulani alikuwa ameteleza na kuondoka na maji. Kila mtu alikuwa na habari yake, na wote walikuwa wanamwambia DO kwa wakati mmoja, wakimwonyesha kwa mikono urefu wa daraja la filamu na urefu wa magogo. Ati huko wanaangusha! Si hata wangetupatia hiyo nusu imebaki! Askari aliinuka akakumbuka bunduki yake. DO alikuja Malakisi kuzuia uchochezi na sasa alikuwa katikati yake, nao haukuletwa na hotuba yoyote kati ya zile nne.

Nilimtazama Mama Lydia. Leso ilikuwa imeshuka. Watu wake walikuwa wameamka mbele ya macho yake, kama alivyotaka, ila walikuwa wameamshwa na kitu kingine. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha na hasira kwa pamoja kiasi hicho.

DO aliahidi kulifuatilia jambo la daraja, akatoka kinyumenyume. Kibanda hakikufungwa. Sidii aliichukua kwa uchunguzi zaidi, na baada ya mwezi mmoja mke wake alinikuta kanisani akaniuliza kama kuna sehemu ya pili.

Katika fomu, mahali pa ujumbe wa kisiasa, niliandika: "Upo, lakini watazamaji hawakuutambua." Picha na sauti zilijaza mistari miwili zikaendelea nyuma ya karatasi. Kuhusu wananchi na kijito chao sikuandika chochote, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi yake. Nilidhani nimefanya kazi ya busara. Nilisahau kwamba nakala ya tatu humwendea mwenye kibanda.

"Umeandika watu yangu hawana masikio," Mama Lydia aliniambia nilipofika tena.

"Niliandika hivyo ndio usifungiwe."

"Najua. Asante." Na akanionyesha mahali pa kukaa, karibu kabisa na spika.

Miezi mingi hakunisemesha tena zaidi ya salamu. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Wenye vibanda wengi walinikaribisha kwa soda kwa sababu ya muhuri. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akinikaribisha ili tugombane kuhusu mimba iliyopotea.

Mvua kubwa ilipopita, daraja likajengwa kweli. Halikuwa la nyaya. Lilikuwa la mbao nene juu ya mawe, pana kiasi cha lori moja, na siku ya kulifungua nilialikwa kwa sababu ambazo DO hakuzieleza. Malakisi nzima ilikuwa kwenye ukingo. Kwaya ikaimba, chifu akasema, DO akapanda jukwaani na karatasi tatu. Upande wa pili, lori lililosheheni tumbaku lilikuwa limewasha injini likingoja kuvuka la kwanza.

DO alisoma karatasi ya kwanza. Njugu zikanunuliwa. Akasoma ya pili. Katikati ya karatasi ya tatu, dereva, aliyechoka kungoja, akaingiza magurudumu ya mbele kwenye mbao. Mbao zikalia. Watu wote wakageuka. Lori likaja polepole, mizigo ikiyumba, ubao mmoja ukaruka juu kidogo ukarudi, mtoto akapiga kelele, mama yake akamziba mdomo. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Magurudumu ya nyuma yakapanda, yakapita, lori likafika nchi kavu, na makofi yakapigwa hadi ndege wakahama miti.

Jukwaani DO alionekana kuguswa. "Asanteni sana," akasema, akakunja karatasi, akaketi.

"Imevuka tu hivyo?" akauliza Mzee Barasa kando yangu, kwa masikitiko kidogo.

Nikahisi mtu ananigusa bega. Mama Lydia.

"Madam, hiyo makofi yote ni ya nini?"

"Si ya lori? Limevuka salama."

Alinitazama usoni muda mrefu, kama anayesoma fomu. "Hukusikia vile DO amesema?"

"Amesema nini?"

"Ati hata wewe!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akashikilia bega langu asianguke, na mimi nikaanza kucheka bila kujua kwa nini, kwa furaha ya kuona tumepatana. Alipopata pumzi akaniambia. DO alikuwa amesema serikali imemaliza sehemu yake. Kuanzia Jumamosi hiyo, kila boma litaleta mawe ya kukinga kingo za daraja, kila Jumamosi, bila kukosa. Wanaokubali wapige makofi.

Kwa miaka iliyobaki kabla sijahamishwa, nikipita Malakisi Jumamosi asubuhi niliwakuta wakipanda na kushuka na mawe vichwani, Mzee Barasa mbele, akiapa kwa kila anayekutana naye kwamba yeye hakumbuki kukubali kitu. Mama Lydia hakubeba hata jiwe moja. Siku ile ya ufunguzi, watu wakiwa bado wanapiga makofi, alikuwa amekwisha kwenda jukwaani kujitolea, na sasa aliketi kwenye kiti cha plastiki penye kivuli, mwanzo wa daraja, akishika daftari la majina.